Karanga za Mama Feza

Weka begi lako chini, mwanangu, ukae. Habari zako zimefika kabla yako. Wamesema umepewa kusimamia wenzako, wale wanaozunguka vijijini kwa ajili ya akina mama na watoto, na mimi nimefurahi mpaka nimechinja kuku. Lakini nimeambiwa pia ulivyotamba jana pale kwa shangazi yako, kwamba ukifika huko utawanyoosha wote. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika kidogo. Mimi niliwahi kunyooshwa na watu, na niliwahi kusimamiwa na mtu, na najua tofauti yake mpaka kwenye mifupa. Kuku bado ni mgumu. Nisikilize wakati tunamngoja.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa na vumbi jingi. Kamyo, yaani lori la pamba, ilisimama hapa Kabambare, pale njia ya Kasongo inapoingilia, na juu ya magunia matupu nikamwona Mama Feza ameketi na mkeka wake, kikapu cha mchele, na mfuko wa karanga zisizomenywa. Nilijua aliyemtuma ni nani na alitumwa kwa sababu gani. Alikuja kuangalia kama kazi yangu ifungwe.

Ngoja nikuweke sawa kwanza. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji. Kasongo kulikuwa na fwaye, nyumba ambapo wanawake walifundishwa kushona, kuosha mtoto, kupika uji wenye nguvu na kutembelea wazazi majumbani. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa mwanamke wa Kizungu, sisi tukimwita Madamu tu. Chini yake alikuwapo Mama Feza, mkubwa wetu sisi wasaidizi, mwanamke wa mjini Kasongo, wa zile familia za Kiislamu za zamani, mnene, mwenye sauti ya chini na kilemba cheupe kila siku ya Mungu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoolewa na Hamisi, fundi cherehani, na Hamisi akaamua kuja kutafuta riziki huku Kabambare, Madamu akaona ni nafasi nzuri. Akanipa mizani ya kupimia watoto, makopo ya maziwa ya unga, na maneno mengi. Nikaja nikiwa na kichwa kikubwa, mtoto wangu Sifa mgongoni, nikijiona nimekuja kuwafungua macho watu wa Kabambare.

Hawakuwa na haja ya kufunguliwa macho. Walikuja, walinisalimu vizuri, walipokea kipande cha sabuni, walisema mtoto wangu mzuri. Lakini nikinyoosha mkono kuelekea mizani, kila mmoja alifunga vizuri kikwembe alichombebea mtoto, akasema atarudi kesho. Wiki zikapita. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewekwa kwenye mizani ile.

Basi nikafanya ujinga wa kijana. Nikaenda kwa sultani wa kijiji, nikamwomba polisi wake apige ngoma na kuwaita wanawake kwa majina. Wakaja kweli, wote, mikono mitupu. Watoto walikuwa wamewaficha mashambani.

Madamu alipokuja kutembelea alikuta mizani inaning'inia peke yake na mimi nimekaa chini yake. Hakunipigia kelele. Alisema kwamba akirudi mara nyingine akakuta hali ni ile ile, mizani na maziwa vitakwenda kijiji cha Wamaza, na mimi nitabaki kumshikia mume wangu nyuzi. Ningeweza kuvumilia aibu hiyo. Nilichoshindwa kuvumilia ni mtoto wa jirani yangu.

Jirani huyo aliitwa Riziki, Mbangubangu wa hapa hapa, mwanamke mwembamba, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Kijana wake mdogo alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama alishika mimba nyingine. Nilimwona akibadilika kila siku. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, miguu ilivimba, na alikuwa halii tena kama watoto wanavyolia, alikuwa anakutazama tu. Mimi nilijua ugonjwa huo. Nilikuwa na maziwa ya kumsaidia, yamepangwa ndani ya sanduku. Lakini sheria ya Madamu ilikuwa moja: mtoto asiyepimwa hapewi kopo, na alikuwa mkali mno katika hilo. Riziki hakutaka kabisa mtoto wake aguse mizani. Nikawa nalala na kuamka nikimfikiria mtoto yule, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo nilivyomchukia mama yake.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Mama Feza alipotumwa na Madamu. Alishuka kwenye kamyo akijipangusa.

“Mama Sifa, maji iko wapi? Vumbi imeniingia mpaka mu masikio.”

Nilimpa maji. Nikamngoja aulize habari za kazi. Aliuliza habari za Hamisi, akaomba ugali na sombe ya majani ya muhogo, akamchukua Sifa akamlaza juu ya tumbo lake kubwa, na wote wawili wakasinzia. Mimi nilibaki nimekaa na majibu yangu yote niliyoyaandaa, nikiwaangalia wakikoroma.

Asubuhi alikuja nami kazini. Kazini maana yake nyumba ndefu ya matofali mabichi iliyokuwa ya kununulia pamba. Nje ya msimu ilikuwa tupu, kwa hiyo Madamu aliiomba, akapewa. Mama Feza alitandika mkeka wake kwenye kona, akamwaga karanga zake, akaanza kumenya. Tak, tak, tak. Wanawake walipoingia aliwaitikia salamu akaendelea kumenya. Unajua inavyokuwa kufanya kazi huku mkubwa wako anakuangalia amenyamaza? Niliangusha sabuni. Nilisahau jina la mwanamke ninayemjua. Na kila nilipomtazama, macho yake yalikuwa kwenye karanga.

Kisha akaingia Riziki na kijana wake. Alikuja kwa ajili ya sabuni. Mtoto alikuwa amelegea begani kwake, na mguu wake mmoja uliokuwa umening'inia ulikuwa umejaa mpaka vidole vimepotea. Nikamwomba Riziki ampime. Akatikisa kichwa. Nikaomba tena. Akageuka. Hapo nikapasuka.

“Mutoto wako anakufia mu mikono, na weye unaogopa kipande ya chuma! Weye ni mama gani?”

Riziki alimpandisha mtoto vizuri begani, akafunga kikwembe, akatoka bila sabuni. Nikageuka kwenye kona. Wanawake nao wakageuka kwenye kona. Sote tulikuwa tunangoja jambo moja, mkubwa anipasulie mbele yao kama nilivyompasulia Riziki. Nadhani wengine walikuwa wanalitamani, na nisingewalaumu.

Mama Feza alikung'uta maganda kwenye mapaja yake, akasimama taratibu, akawaendea wale wanawake akawashika mikono.

“Mama zangu, huyu miye njo mwalimu wake. Kama kuko neno juu yake, mulete kwangu. Anawapenda watoto wenu, njo maana sauti imepanda mbaya vile. Muende salama. Kesho tutakuwa hapa tena.”

Wakaondoka. Mimi nikabaki nimesimama na machozi, nikifikiri nimesamehewa. Nilikuwa nimejidanganya, mwanangu. Aliufunga mlango, akarudi kwenye mkeka wake, akanionyesha pa kukaa.

“Umeona nini leo?”

Nikaanza. Nikamwambia wanawake wa hapa ni wagumu, ni waoga, hawajui faida yao, wanataka sabuni tu. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

“Sikukuuliza wako wabaya namna gani. Nilikuuliza umeona nini.”

Nilikuwa na macho mawili mazima, na asubuhi yote sikuwa nimeona chochote isipokuwa hasira yangu. Yeye akamenya karanga mbili tatu, kisha akaniangalia usoni, na sauti yake ile ya chini ikawa ngumu.

“Umemuaibisha mama ya mutu mbele ya wenzake. Ile utaenda kuitengeneza leo, mbele jua haijashuka. Nitakusindikiza. Lakini mudomo itakuwa ya kwako.”

“Nitamuambia nini, Mama?”

“Utamuambia pole. Kisha utanyamaza. Tangu ulifika hapa umesema mingi sana.”

Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma nikiwa na mvi. Lakini angalia alikolisemea. Alilisemea mlango umefungwa, na baada ya kulisema hakuniacha niende peke yangu.

Tulimkuta Riziki anatwanga sombe nyuma ya nyumba yake. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, kivulini, kimya. Mama Feza alisalimu, akaweka kibakuli cha karanga zake zilizomenywa karibu na jiko, akasema ni za uji wa mgonjwa, azisage laini. Karanga hazikuwa kwenye sheria ya Madamu. Halafu akaenda kukaa kando ya mtoto, akanipa mgongo.

Nikasema pole. Nilisema vibaya, kwa kukwama, lakini niliisema yote, kwamba nilimkosea mbele ya watu na kwamba yeye ni mama mwema. Riziki aliendelea kutwanga. Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Ee Mungu, kunyamaza ni kazi! Mikono yangu ilikuwa haijui iende wapi, basi nikauchukua mchi mwingine uliokuwa umeegemea ukuta, nikaingia kwenye kinu chake, tukawa tunapokezana, yeye akishuka mimi nikipanda. Tukatwanga hivyo mpaka majani yakalainika. Ndipo akasema, bila kuniangalia.

“Mwaka jana pamba yangu iliingia mu ile nyumba yenu. Nilibeba vikapo toka shambani, shingo ikauma. Wakaniita jina. Wakaitundika. Mizani ikasema. Pamba ikabaki kule, mi nikarudi na kikapo wazi.”

Nikasema pamba ni pamba na mtoto ni mtoto. Kisha nikakumbuka nimeambiwa ninyamaze, nikauma midomo.

“Tunakuangalia, Mama Sifa,” akaendelea. “Unaita watoto wetu moja moja. Wa kwako anabaki mu mugongo. Kapita, ule mupimaji wa pamba, naye ni vilevile, hatukumuona siku moja anapima pamba yake. Sasa miye nitajua namna gani ile kitu inarudishaka watu?”

Mchi wangu ulisimama hewani. Sifa alikuwa mgongoni kwangu wakati ule ule, anavuta nywele zangu za kisogoni, mnene, mzito, hana habari. Sikuwa nimempima hata siku moja tangu nifike Kabambare. Kwangu halikuwa jambo. Mtoto mwenye afya anaonekana, nilikuwa nikijiambia, mizani ni ya watoto wa wale. Na wale walikuwa wamekaa mbele yangu kila asubuhi wakinitazama, wakasoma kile nilichokuwa nikikifanya, wakakielewa kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye akili wa nchi ya pamba angekielewa. Nyumba ile ile, majina yale yale yanaitwa, chuma kile kile kinaning'inia, na mpimaji ambaye chake hakiingii.

Njiani tukirudi nilimweleza Mama Feza huku nikihema. Hakushangaa.

“Nilijua toka asubuhi,” akasema.

Hapo nikamkasirikia kweli kweli, mwanangu, nikasahau adabu.

“Sasa juu ya nini hukuniambia? Uliniacha nimutukane bure mutoto wa watu?”

“Ulitukana haraka kuliko mi nilivyosimama,” akasema, na nilimwona ameumia kwa hilo. “Lakini kukuambia? Ningekuambia, kesho ungefanya juu Mama Feza amesema. Mi ninarudi Kasongo. Weye unabaki na wanawake hawa, na wataleta mambo mengine mi sitakuwa hapa kuona. Haya. Kesho unafanya nini?”

Nikafikiri huku tunatembea. Nikasema mizani itoke katika nyumba ya pamba. Nitaitundika kwenye boriti ya baraza ya Hamisi, karibu na njia ya soko, peupe, kila mtu aone. Na Sifa ataingia wa kwanza.

“Na mikono yako?”

Nikafikiri tena. Kapita ndiye anayechukua kikapu kutoka kwa mwenyewe. “Sitashika mutoto wa mutu,” nikasema. “Mama mwenyewe ataweka, mama mwenyewe atatoa.”

Akacheka, akanipiga bega nusura aniangushe kwenye majani. Mimi nikawaza jambo jingine, nikanywea.

“Lakini Madamu alikataza mizani isitoke mule nyumbani.”

“Ya Madamu uniachie. Ile njo kazi yangu miye.”

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Hamisi alisogeza cherehani yake, akapanda juu ya kigoda akaitundika mizani kwenye boriti, akiilalamikia njaa kwa sababu nilisahau kumpikia. Mama Feza alitandika mkeka kwenye kona ya baraza na karanga zake. Watu wakaanza kusimama. Mizani ya pamba nje ya msimu, tena kwa fundi cherehani! Mwanamke yupi angepita bila kuuliza? Walisimama mbali mwanzo, halafu karibu, na nyuma yao kabisa nikamwona Riziki na kijana wake begani.

Sikuhutubia. Nilimfungua Sifa mgongoni, nikambusu, nikamweka katika kitambaa cha mizani. Mwanangu, nilikuwa najua kabisa hakuna kitakachompata, nimewaweka watoto wengi pale Kasongo bila kupepesa jicho. Lakini nilipoachia mikono yangu, naye akabaki ananing'inia hewani mbele ya macho ya soko zima, moyo wangu ulipiga kama wa mtu aliyeiba. Ndipo nilipojua nilichokuwa nikiwaomba akina mama wale kila siku kwa sauti ya kuamuru. Sifa akapiga ukelele uliofika mtoni. Sindano ikatembea, ikasimama. Nikataja kilo zake kwa sauti. Nikamtoa, nikamfunga mgongoni kwangu, nikazunguka baraza yote ili waone ni yeye yule, na miguu yake, na machozi yake, na kamasi zake.

“Amerudi!” akapiga yowe bibi mmoja mzee aliyekuja kuuza mawese. “Jameni, mutoto amerudi!”

Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Bibi yule akataka naye apimwe, akaanza kupanda kigoda, ikabidi Hamisi amshike kiuno akimbembeleza kwamba mizani itakatika. Katika kicheko hicho sikumwona Riziki akija. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele yangu.

Nikarudisha mikono yangu nyuma, nikaishikanisha.

Akamweka mwenyewe. Alimshika mtoto kidole muda wote, hata sindano ikawa inacheza cheza, na mimi sikumwambia aachie. Akaachia kwa hiari yake, kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, nami nikasoma. Akamnyakua mtoto wake, akamkumbatia, akamchungulia usoni. Halafu akaniangalia. Nilikwenda kwenye sanduku nikatoa kopo la maziwa, nikampa kwa mikono miwili, na yule bibi wa mawese akapiga kigelegele. Mwingine akamfuata, na mwingine, na njia nzima ya soko ikawa vigelegele, na watu wa mbali wakaja mbio wakidhani ni arusi.

Tuliwapima mpaka jua likawa kali, na kila mama aliweka wake na kutoa wake. Nilimtafuta Mama Feza kwa macho. Alikuwa bado kwenye kona anamenya karanga, ila machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kidevuni, naye hayafuti.

Yeye alikaa nami mpaka Madamu alipokuja. Kila siku tulikwenda kwa Riziki, maziwa asubuhi, uji wa karanga jioni, na mtoto akaanza kupungua uvimbe, halafu akaanza kulia kwa nguvu, na kilio hicho kilitufurahisha kuliko wimbo wowote. Siku Madamu aliposhuka kwenye gari lake, alikwenda moja kwa moja katika nyumba ya pamba, akaikuta imefungwa. Akatufuata kwenye baraza, uso umekuwa mwekundu, hata hakuwaona wanawake waliojaa.

“Nani alitoa mizani mule nyumbani?”

Nilifungua mdomo. Mama Feza alikuwa ameshasimama mbele yangu na mwili wake wote.

“Ni miye, Madamu. Kama kuko kosa, iko ya kwangu.”

Unajua ilikuwa nini, wakati ule, mwanamke mweusi kumjibu Mzungu hivyo mbele ya watu? Angeweza kupoteza kazi yake siku hiyo hiyo. Madamu alivuta pumzi kujibu, na wakati huo mtoto akalia katika mizani nyuma yake. Akageuka. Akaona kitambaa kimejaa, mama ameinama, na mstari wa wanawake unafika mpaka kwenye mwembe wa soko na kukata kona. Akatembea kandokando ya mstari ule, na aliporudi hasira ilikuwa imemtoka.

“Umefanya kazi nzuri sana, Mama Feza.”

“Hapana, Madamu. Mi nilimenya karanga tu.” Akanishika mkono akanivuta mbele, akaniweka pale alipokuwa amesimama yeye. “Mwenye kazi ni huyu. Muulize yeye, atakuambia alifanya namna gani.”

Nikaeleza. Wanawake wakawa wananisaidia pale niliposahau, na Riziki, yule asiye na maneno, alieleza habari za pamba mpaka Madamu akatazama chini. Mizani haikwenda Wamaza. Baadaye Wamaza walipewa yao, na aliyetumwa kwenda kuianzisha na kumsimamia msaidizi wa kule nilikuwa mimi. Nilikwenda na mfuko wa karanga.

Sasa nikuulize. Huyo Riziki umemdhania nani? Wenye jina hilo ni wengi hapa, najua, na bibi yako alifariki kabla hujazaliwa. Lakini ndiye, mama mzaa babako. Na kijana yule wa nywele nyekundu, ambaye mguu wake ulikuwa hauna vidole, ni Feruzi babako. Hapendi nisimulie, anasema ninamwaibisha, mwanaume mwenye kitambi kile! Leo uwe umesikia, kwa sababu wewe mwenyewe umetoka katika asubuhi ile ya kwenye baraza.

Basi shika haya ninayokuusia, mwanangu. Ukifika kwa hao watu wako, usianze na maneno. Kaa kwenye kona siku ya kwanza uangalie, na mikono yako uipe kazi ili mdomo wako upumzike. Waulize wameona nini, na wakikujibu ovyo uwe na subira uulize tena, maana jibu wanalolipata wenyewe watakuwa nalo siku wewe haupo. Mtu wako akikosea mbele ya akina mama, simama naye pale pale, kisha mlango ukifungwa mwambie kweli yote, usimpunguzie, na baada ya hapo umsindikize kwenda kutengeneza alichoharibu. Amri za wakubwa zikimbana, zibebe wewe, ndiyo sababu umepewa cheo. Na sifa zikija, zitakuja kwako kwanza kwa kuwa ndiwe unayejulikana, mvute mwenzako mkono umweke mbele. Utaona vigumu siku hiyo kuliko siku zote. Mama Feza naye aliona vigumu, aliniambia miaka mingi baadaye, alikuwa anatamani sana kusifiwa.

Chukua mfuko huu. Ni karanga za shamba la babako, sijazimenya makusudi.

Mungu akutangulie njia hiyo yote ya vijiji, akupe jicho la kuona na kifua cha kusimama mbele ya watu wako. Kila mtoto utakayemkuta amelegea, siku ya kuondoka umwache ana nguvu za kupiga kelele. Na wale utakaowasimamia, wakizeeka kama mimi, jina lako liwatoe machozi mazuri. Amina. Sasa toka nje umwite Feruzi aje ale, mwambie kuku ameiva, na mwambie mimi ndiye niliyemwita.